Mtoto wa Fundi wa Ngozi Aliyewapa Wasioona Kalamu

Tarehe 4 Januari kila mwaka ni Siku ya Breli ulimwenguni. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018, ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Hapa kwetu Pwani siku hiyo hupita kimya, kwa kuwa ndio wakati wazazi tunahangaika na karo, sare na vitabu. Lakini ni wakati huohuo ambapo baadhi ya nyumba zetu hupitisha uamuzi mzito bila hata kuujadili. Watoto wote wanapelekwa shule, na yule asiyeona anabakishwa nyumbani na bibi yake. Hakuna aliyemchukia. Anapendwa, analishwa, anavishwa vizuri siku ya Idi. Ila hakuna anayedhani kwamba yeye naye ana la kusoma.

Kwa sababu hiyo nimeonelea leo niwasimulie maisha ya kijana aliyezaliwa tarehe hiyo ya 4 Januari, mwaka 1809, na ambaye jina lake ndilo tunalolitamka kila tusemapo neno breli. Wengi wetu tunalijua jina bila kumjua mwenyewe. Tena wengi hudhani alikuwa mzee wa chuo kikuu, mwenye ndevu na miwani. Alipokamilisha kazi yake kubwa alikuwa na umri wa miaka 15.

Louis Braille alizaliwa katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, kama kilomita 40 mashariki ya jiji la Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko ya farasi, hatamu na mikanda. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Siku hizo farasi ndiye aliyekuwa gari, lori na trekta, kwa hivyo fundi wa matandiko hakukosa kazi. Mtu wa Lamu anayejua thamani ya punda na shogi lake hahitaji kuelezwa zaidi.

Karakana ya baba ilikuwa hapohapo nyumbani, na mtoto wa fundi hucheza karibu na vyombo vya kazi. Mwaka 1812, Louis akiwa na miaka mitatu, aliingia karakanani akachukua chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, huu tunaouita msharasi, ambao mafundi wetu wa makubadhi wanao mpaka leo. Akaanza kuiga anavyofanya baba. Msharasi ukateleza ukamchoma jichoni.

Zama hizo hapakuwa na dawa ya kuzuia jeraha lisioze. Wazazi walifanya walivyoweza, lakini jicho liliingia uchafu, likavimba, na ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipofikisha miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Na mambo yalikuja kwa pamoja, maana mwaka 1814, baada ya Napoleon kushindwa, majeshi ya kigeni yaliingia kijijini humo, na wanakijiji wakalazimika kuwalaza na kuwalisha askari majumbani mwao. Katika msukosuko huo ndimo mtoto huyu alipojifunza kuishi bila macho.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo maisha yake yangeweza kwenda njia nyingine. Mtoto kipofu wa fundi wa kijijini katika Ulaya ya wakati ule alikuwa na njia moja mbele yake, nayo ni kuomba. Hakuna aliyewalaumu wazazi waliomwacha mwanao aende kuketi barabarani na bakuli. Lakini Simon-René na Monique hawakuikubali njia hiyo. Baba alimchongea fimbo ya kupapasia njia, na Louis akajifunza vichochoro vya kijiji chake. Alipewa kazi karakanani, ingawa chuma cha karakana hiyohiyo ndicho kilichompofua. Kisha baba akafanya jambo ambalo mimi naliona ndio mwanzo wa kila kitu. Alipigilia misumari kwenye ubao ikafuata maumbo ya herufi, ili mwanawe azijue kwa kupapasa. Fundi wa ngozi ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa ubao wa misumari.

Mwaka 1815 alikuja kijijini kasisi mpya, Jacques Palluy. Akamwona mtoto huyu ni mwepesi wa kufahamu, akaanza kumfundisha yeye mwenyewe. Baadaye akazungumza na mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, amkubali darasani pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu akakubali. Louis alisikiliza na kuhifadhi, akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Lakini kila wenzake walipoambiwa wafungue vitabu au wachukue kalamu, yeye alikaa mikono mitupu. Kwa kusikia alikuwa sawa nao, pengine kuwashinda. Ilipofika kusoma na kuandika, mlango ulifungwa.

Wakubwa wale hawakuridhika na nusu. Walimwendea tajiri mwenye cheo wa sehemu ile, Marquis d'Orvilliers, naye akaandika barua ya kumwombea mtoto nafasi katika shule ya pekee ya vipofu iliyokuwa Paris. Nafasi ikapatikana. Mwezi wa Februari 1819, Louis akiwa na umri wa miaka 10, baba yake alimpeleka Paris akamwacha katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona.

Shule hiyo nayo ina hadithi yake. Ilianzishwa mwaka 1785 na Valentin Haüy. Miaka kadhaa kabla, Haüy alikuwa amepita katika tamasha la mtaani akaona vipofu wamevishwa mavazi ya kijinga na miwani ya kuchekesha, wapige ala ovyo ili watu wacheke. Wengine walicheka. Yeye alitoka pale na azma kwamba vipofu wafundishwe kusoma. Akabuni njia ya kuchapa herufi za kawaida zikainuka juu ya karatasi nzito, mtu azipapase kwa vidole.

Lilikuwa jambo kubwa, na sipendi tulidharau. Lakini njia ile ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, herufi zilibidi ziwe kubwa ili kidole kizitambue, kwa hivyo kitabu kimoja kilikuwa kizito kama mzigo wa kuchukuliwa na hamali. Tena mtu alipopapasa herufi moja hadi nyingine, akifika mwisho wa sentensi alikuwa karibu kusahau mwanzo wake. Ya pili ndiyo kubwa zaidi. Mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Angeweza kusoma walichoandikiwa na wanaoona, basi. Hakuweza kumwandikia mama yake barua na kuisoma mwenyewe, wala kuandika mawazo yake ayarejee kesho. Njia ile ilitengenezwa na mtu anayeona, kwa umbo linalolipendeza jicho, na kidole kikaambiwa kijizoeshe.

Maisha ya shuleni hayakuwa mepesi. Jengo lilikuwa kongwe na lenye unyevu, na nidhamu ilikuwa kali. Wanafunzi walifundishwa kazi za mikono pamoja na masomo ya darasani, na kulikuwa na muziki, ambao Louis aliupenda sana. Alijifunza piano na kinanda kikubwa cha kanisani. Mwaka 1821 alikuja mkurugenzi mpya, Alexandre-René Pignier, mtu wa huruma zaidi, na ni katika mwaka huohuo ndipo jambo la kihistoria lilipobisha hodi.

Kapteni mmoja mstaafu wa jeshi, Charles Barbier, alileta shuleni njia yake ya kuandika kwa nukta zilizoinuka. Badala ya maumbo ya herufi, alitumia nukta, mpaka 12 kwa alama moja, zimepangwa safu mbili za nukta sita sita. Kila alama ilisimamia sauti. Wanafunzi walipozigusa walitambua mara moja kwamba kidole husoma nukta kwa wepesi kuliko mistari na mapinde ya herufi. Na zaidi ya hayo, nukta mtu aweza kuziandika mwenyewe, kwa kubonyeza karatasi na chuma chenye ncha.

Louis alikuwa na miaka 12. Alifurahi kama wenzake, lakini hakuishia kufurahi. Aliona upungufu. Nukta 12 zilikuwa ndefu mno kwa ncha ya kidole, ikabidi kidole kipande na kushuka katika kila alama. Na kwa kuwa njia ile ilifuata sauti, haikumfundisha mtu tahajia, wala haikuwa na alama za uandishi, tarakimu wala nota za muziki. Kwa maneno mengine, ilimpa kipofu maandishi ya peke yake yasiyolingana na maandishi ya watu wengine.

Kwa muda wa miaka mitatu kijana huyu aliifanyia kazi njia ile, mchana baada ya masomo, usiku wenzake wakiwa wamelala, na wakati wa likizo nyumbani kwao Coupvray. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amepata jawabu. Alizikata nukta 12 zikawa sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Ukubwa huo unaenea chini ya ncha ya kidole cha shahada kwa mguso mmoja, bila kupanda wala kushuka.

Niwaeleze inavyofanya kazi, maana uzuri wake uko katika urahisi. Nukta ya juu kushoto peke yake ni herufi A. Ukiongeza iliyo chini yake unapata B. Nukta mbili za juu, kushoto na kulia, ni C. Herufi kumi za mwanzo zote hutumia nukta nne za juu tu. Kisha herufi kumi zinazofuata ni zilezile za mwanzo, zimeongezwa nukta moja chini kushoto. Zinazobaki huongezwa nukta zote mbili za chini. Herufi W haikuwemo kwa kuwa Wafaransa wa wakati ule hawakuihesabu katika alfabeti yao, ikaongezwa baadaye. Nukta sita hutoa alama 63 zinazotofautiana, nazo zinatosha herufi, tarakimu, alama za uandishi na hata muziki. Aliyezijua herufi kumi za mwanzo amekwishaijua njia.

Na katika kuandika kuna jambo litakalowachekesha waliosoma chuoni. Mwenye kuandika kwa kibao na chuma hubonyeza karatasi kwa nyuma, kwa hivyo huandika kutoka kulia kwenda kushoto kama tuandikavyo Kiarabu, kisha hugeuza karatasi akasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ajabu nyingine ni kwamba breli ya Kiarabu nayo husomwa kutoka kushoto, kinyume cha msahafu tuuonao.

Mwaka 1829 alichapisha kitabu kilichoeleza njia hiyo, akiwa na miaka 20. Katika kitabu hicho hakusahau kumtaja Barbier kwamba ndiye aliyempa fikra ya kwanza. Hiyo ni adabu ambayo wasomi wengi wazima huikosa. Wakati huo alikuwa tayari anawafundisha wadogo zake palepale shuleni, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Aidha alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris. Yule aliyetazamiwa kukaa barabarani na bakuli sasa alikuwa na mishahara miwili.

Mtu angedhani Ufaransa nzima ingeipokea kazi yake kwa vigelegele. Sivyo. Wanafunzi waliipenda, lakini wakubwa waliona taabu. Walimu wanaoona hawakutaka kujifunza maandishi ambayo macho yao hayayajui. Walidai kwamba vipofu wakiwa na alfabeti yao watatengwa na jamii. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na Pierre-Armand Dufau aliyeshika ukurugenzi akapendelea tena herufi zilizoinuliwa. Nukta za Braille zikawekwa kando madarasani, huku mwenyewe akiwa mwalimu wa shule hiyohiyo. Wanafunzi lakini hawakuziacha. Waliendelea kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu aliyeonja kuandika jina lake na kulisoma harudi nyuma.

Aliyemgeuza Dufau alikuwa msaidizi wake, Joseph Guadet, aliyewatazama wanafunzi akaona wanachokipata. Mwezi wa Februari 1844, shule ilipozindua jengo lake jipya, njia ya Braille ilionyeshwa hadharani mbele ya wageni. Watoto waliandika waliyosomewa, na wenzao wakayasoma kwa vidole. Ubishi ulipungua baada ya siku ile.

Louis mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa. Kifua kikuu kilimpata akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kikamla polepole. Alikufa tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Serikali ya Ufaransa iliikubali rasmi njia yake mwaka 1854, yeye akiwa kaburini miaka miwili. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ukaipendekeza kwa ulimwengu. Mwaka 1952, miaka mia baada ya kufa kwake, mabaki yake yalihamishwa hadi Panthéon, wanakozikwa watukufu wa Ufaransa. Wanakijiji wa Coupvray walikubali aondoke, ila mikono yake ikabaki kwao.

Sasa turudi kwetu. Huenda msomaji akaniuliza habari za kijana wa Kifaransa aliyelelewa na kasisi zinatuhusu nini sisi Waislamu wa Pwani. Zinatuhusu kwa sababu sisi ndio tuliopaswa kuwa wa mbele. Sura ya Abasa tunawasomesha watoto wetu wakiwa wadogo. Ndani yake Mtume, rehema na amani zimshukie, anakumbushwa na Mola wake kwa ajili ya kipofu mmoja aliyekuja kutafuta elimu wakati yeye ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Kipofu huyo, Ibn Umm Maktum, baadaye alikuwa akiadhini Madina, na Mtume alipata kumwachia mji alipotoka safari. Basi mtoto asiyeona kuja kutaka elimu ni jambo ambalo sisi tumekwisha kufundishwa namna ya kulipokea.

Na tuseme haki, vyuo vyetu havijawafungia mlango. Tangu zamani watoto wasioona wamehifadhi Qur'ani kwa kusikiliza, na wamo masheikh waliotunyanyua kwa visomo vyao. Lakini hiyo ndiyo nusu aliyoipata Louis katika shule ya kijiji chake, nusu ya sikio. Kuhifadhi kwa kusikia humfanya mtu amtegemee msomaji mwingine kila akisahau aya. Misahafu ya breli ipo, imechapwa katika majuzuu makubwa. Ni madrasa ngapi hapa kwetu zina mmoja? Na ni maustadhi wangapi wameketi hata siku moja kuzijifunza nukta sita?

Wako wanaosema siku hizi kuna simu inayosoma kwa sauti, breli ya nini tena. Simu ni neema, na asiyeona anastahili kuwa nayo. Ila anayesikia tu hajui neno linaandikwaje. Mtoto anayeona hatumpi redio tukasema amesoma. Mbona huyu mwingine tumpe simu tukaona tumemaliza wajibu?

Nafasi hazikosekani kabisa. Shule ya wasioona ya Likoni iko ng'ambo tu ya feri, na ya Thika imekuwepo tangu mwaka 1946. Vikwazo vipo, sikatai. Karatasi za breli ni ghali, mashine zake ni ghali zaidi, na nauli na mahitaji ya bweni humlemea mzazi wa Tana River au visiwa vya Lamu. Hapa ndipo kamati zetu za misikiti na zaka zina kazi. Tunachangia mabusati na vipaza sauti kila mwaka. Mtoto mmoja kwa kila msikiti, alipiwe nauli, kibao na karatasi, ni mzigo mdogo kuliko tunavyoudhania.

Louis Braille alikuwa na akili nyingi, lakini akili ile ingekufa barabarani lau si baba aliyepigilia misumari ubaoni, kasisi aliyempitia, mwalimu aliyempisha akae darasani, na tajiri aliyeandika barua moja. Hao wanne hawakuvumbua chochote. Walikataa tu kumwacha nyumbani. Januari ikija, shule zikifunguliwa, kila mmoja wetu ahesabu watoto wa nyumba yake na wa jirani yake, na yule aliyebakishwa na bibi aulizwe naye anataka kusoma nini.